Anza na Daftari: Maneno kwa Vijana Wanaoingia Kwenye Usimamizi wa Majengo

Hotuba hii niliitoa hapa Mwanza mbele ya vijana wanaomaliza mafunzo ya ufundi wa umeme, mabomba na viyoyozi. Baadhi yenu mlikuwa zamu siku hiyo na mmeniomba maneno yenyewe, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyosemwa.

Ndugu wakufunzi, wazazi mliofunga vibanda vyenu ili mje kuketi nasi, na ninyi wanangu mnaomaliza mafunzo: walionizidi umri, shikamooni, mliobaki, hamjambo?

Kabla sijasema lolote kuhusu kazi yangu, naomba niwaulize. Nani kati yenu anajua koki kuu ya maji ya jengo hili iko wapi? Naona mikono miwili. Nani anajua mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na kiti chake ulikaguliwa lini kwa mara ya mwisho? Sioni mkono. Umeme ukikatika sasa hivi, nani anajua ni taa zipi zitabaki zinawaka, na kwa muda gani? Sioni mkono. Tupo zaidi ya watu 100, tumeketi humu tangu saa tatu asubuhi, tumekunywa maji ya jengo hili, tumetumia vyoo vyake, na tumekabidhi maisha yetu kwa ngazi zake na nyaya zake. Lazima awepo mtu mmoja mwenye majibu hayo. Mtu huyo ndiye msimamizi wa majengo, na kazi hiyo ndiyo niliyoitwa kuizungumzia.

Wengi wakisikia jina hilo hudhani ni fundi mkuu, au ni mtu wa kuwahimiza wahudumu wa usafi. Kazi yenyewe ni pana kuliko hapo. Mwaka 2017 Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilitoa fasili yake, na mwaka uliofuata likatoa kiwango namba 41001 kinachoeleza jinsi kazi hiyo inavyopaswa kuendeshwa. Kiini cha fasili hiyo ni kuunganisha watu, mahali na taratibu ili wanaotumia jengo waishi vizuri, na shughuli iliyowaleta humo ifanyike vizuri. Tafakarini hilo kwa mifano ya hapa kwetu. Hospitali ya Bugando imekaa juu ya kilima chake tangu mwaka 1971. Daktari wa upasuaji anapofungua bomba anawe mikono, maji hayo yametoka ziwani na kupanda mlima, na kuna watu wanaohakikisha kwamba yanafika. Katika viwanda vyetu vya minofu ya sangara, chumba cha baridi kikipoteza ubaridi usiku mmoja, jasho la wavuvi wa visiwani linaharibika kabla halijapakiwa. Shuleni, hotelini, benki, sokoni, kote kuna mtu anayepaswa kuliona jengo zima kwa jicho moja.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Miaka 23 iliyopita nilikuwa fundi umeme msaidizi katika hoteli moja kando ya ziwa, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha balbu, kumshikia ngazi mwenzangu, na kila Ijumaa saa nne asubuhi kujaribu jenereta. Nilikuwa na fomu. Niliwasha jenereta, nikaisikiliza kwa dakika tano, nikaizima, kisha nikaandika kwenye fomu neno moja: "Nzuri." Niliandika "Nzuri" wiki 11 mfululizo, na kila wiki fomu ilisainiwa na kupelekwa ofisini.

Ijumaa ya wiki ya 12 usiku, katikati ya masika, kulikuwa na arusi ukumbini. Radi ilianza upande wa ziwa, na ninyi mnazijua radi za ziwa hili. Umeme ukakatika. Jenereta ikaitika, taa zikarudi, watu wakapiga vigelegele. Baada ya dakika kama 20 sauti yake ikaanza kuyumba, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Giza likashuka juu ya watu wapatao 300. Na ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, alikuwamo bibi mmoja aliyekuja kumwoza mjukuu wake.

Tulimtoa baada ya dakika 40. Muda wote huo nilikuwa nimekaa chini kwenye korido, nimeegemeza kichwa kwenye mlango wa lifti, nikimsikia akisoma dua kwa sauti ndogo, na kila akinyamaza nilimwita ili ajue kwamba nipo. Alipotoka alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Akaniuliza, bila hasira hata kidogo: "Mwanangu, hiki chombo anakiangalia nani?"

Sikuwa na jibu. Lifti ilikuwa na mkataba na kampuni, jenereta ilikuwa yetu mafundi, dizeli ilinunuliwa na mtu wa stoo, ukumbi ulikuwa chini ya meneja wa chakula. Kila kipande kilikuwa na mtu wake, na jengo zima halikuwa na mtu.

Kesho yake tulifungua chujio la mafuta. Lilikuwa limejaa tope jeusi na maji. Tangi la dizeli lilikuwa limekaa nusu kwa miezi. Hewa yenye unyevunyevu wa ziwa iliingia kwenye nafasi tupu, usiku ikapoa na kugeuka matone, na matone yakatelemka hadi chini ya tangi pamoja na uchafu. Dakika zangu tano za kila Ijumaa zilitumia mafuta safi yaliyokuwa tayari kwenye bomba. Jenereta ilipobebeshwa mzigo halisi na kuanza kuvuta mafuta kwa wingi, ilivuta tope. Tena nilikuja kujifunza kwamba injini ya dizeli ikizoeshwa kuwaka bila mzigo haipati joto la kutosha, na mafuta yasiyoungua pamoja na masizi hujikusanya kwenye njia ya moshi. Kwa hiyo ukaguzi wangu haukugundua ubovu, na juu ya hapo ulikuwa ukiuongeza. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo wa jengo, nusu saa kamili, walau mara moja kwa mwezi, na maji yamwagwe kutoka chini ya tangi kabla ya kuiwasha. Leo hii nalisema kwa dakika moja. Mimi nilifundishwa na bibi aliyefungiwa gizani.

Ninachowaomba mlichukue hapo ni hili: msiandike "nzuri". Andikeni mlichokiona, mlichokisikia na mlichokipima. Saa ngapi, mzigo kiasi gani, joto la injini liliishia wapi, mafuta yalipungua kwa kiasi gani. Baada ya usiku ule nilinunua daftari la mistari lenye jalada gumu, na ndilo lililonitoa kwenye kushika ngazi likanifikisha hapa nilipo. Nawaambieni kwa moyo wote, hakuna chombo cha kazi nitakachowasifia leo zaidi ya daftari.

Mtaniuliza, daftari linawezaje kumpandisha mtu cheo? Nitawaeleza kwa habari ya maji.

Miaka kadhaa baadaye nilihamia jengo la ofisi la ghorofa nne. Bili ya maji ilikuwa imepanda, na uongozi uliamini kwamba mita ni mbovu. Nilifanya jambo lisilohitaji shahada. Saa tano usiku, watu wote wakiwa wameondoka, mimi na mlinzi tulimulika mita kwa tochi tukaandika namba zake. Saa kumi na moja alfajiri tukaandika tena. Katika saa hizo sita, jengo ambalo halikuwa na mtu isipokuwa mlinzi lilikuwa limetumia uniti 1.8. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Piga hesabu nami: lita 1,800 kwa saa sita ni lita 300 kwa saa, lita 7,200 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 216. Maji hayo hayakunawiwa wala hayakupikiwa, yalikwenda moja kwa moja kwenye chemba.

Yalikuwa yanapitia wapi? Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Dada mmoja wa usafi, ambaye alikuwa akianza kazi kabla ya wote, aliniambia: "Choo cha ghorofa ya tatu kinalia asubuhi. Nimeshasema mara mbili." Alikuwa amesema kweli, na hakuna aliyeandika. Tulitia rangi ya chakula kidogo kwenye matangi ya vyoo vyote 22, tukasubiri dakika 20 bila kuvuta maji, kisha tukapita tukiangalia mabakuli. Tisa yalikuwa yamegeuka mekundu. Mpira wa chini wa tangi ukichakaa, maji hupenya taratibu na kuteremka kwenye ukuta wa bakuli kwa utando mwembamba ambao jicho haliuoni. Tulibadilisha mipira tisa, tukatengeneza na floti ya tangi la juu ya paa, kazi ya asubuhi moja. Usiku uliofuata mita haikusogea.

Je, ni nani aliyegundua tatizo lile? Ni mimi mwenye tochi, au ni dada mwenye ndoo? Wanangu, mhudumu wa usafi anagusa kila chumba kila siku. Mlinzi analisikia jengo usiku, wakati lenyewe ndilo linalosema. Msimamizi asiyewasalimia hao wawili kwa majina yao anafanya kazi akiwa amefumba jicho moja. Mimi katika majengo yote niliyosimamia, ukurasa wa kwanza wa daftari ni majina ya watu wa usafi na ulinzi, na kila wanalonieleza naliandika mbele ya macho yao, ili waone kwamba limeandikwa.

Nije kwenye jambo la mahali. Vitabu vya kazi hii vingi vimeandikwa mbali na hapa, na ni vizuri mvisome, lakini Mwanza ina mambo yake. Tumejenga juu ya miamba. Fundi akija na fimbo ya ethi, ile inayopeleka umeme wa hitilafu na wa radi ardhini, ya mita moja na nusu, anaipigilia nusu mita tu, inagonga granaiti, naye anaikata juu na kuondoka. Kwa macho ethi ipo. Kwa kipimo haipo, kwa sababu mwamba mkavu haupitishi umeme inavyotakiwa, na mvua ya radi ikija ndipo kompyuta na kadi za lifti zinapoungua. Katika jengo moja tulilazimika kuchimba mtaro mrefu na kulaza utepe wa shaba kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu, ndipo kipimo kikakubali. Msikubali kamwe kupokea ethi kwa kuiangalia. Ipimwe, na namba iandikwe.

Na ziwa lenyewe lina mwendo wake. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda, na sisi tuliokuwa na majengo karibu na ufukwe tulijionea mashimo ya maji taka yakijaa kutoka chini, kwa kuwa ardhi ilikuwa imeshashiba na haikuweza kupokea tena. Aliyekuwa ameandika kimo cha maji kwenye shimo lake kila mwezi aliliona tatizo likija na akaita gari la kunyonya mapema. Asiyeandika aliletewa habari na harufu. Wapo pia wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu na kufuata taa. Asubuhi utawakuta wameziba vichujio vya viyoyozi na mapezi ya rejeta ya jenereta. Ratiba ya kusafisha vichujio iliyoandikwa kwa mji mwingine haitakufaa hapa.

Sasa nizungumzie fedha, jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomtenga fundi mzuri na msimamizi. Kulikuwa na pampu moja iliyokuwa ikinitesa. Mara tatu nilikwenda kwa bosi nikamwambia, "Pampu imechoka, tununue nyingine." Mara tatu alinijibu kwamba fedha hakuna. Nilinung'unika, kama mnavyonung'unika ninyi. Halafu nikafungua daftari. Pampu ilikuwa imesimama mara tano katika miezi minne. Kila iliposimama tulinunua maji ya boza, tulilipa fundi wa kuisuka upya mota, na wapangaji wa juu walikosa maji. Nikaorodhesha tarehe, nikaweka gharama ya kila tukio mbele yake, nikajumlisha, na chini ya jumla hiyo nikaweka bei ya pampu mpya. Nusu ukurasa. Pampu ilinunuliwa wiki ileile. Bosi yuleyule, kasma ileile. Kwa nini alikubali? Kwa sababu "imechoka" ni lugha ya fundi, naye alikuwa hajawahi kuambiwa kwa lugha yake.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma bili kama mnavyosoma mchoro wa saketi. Mteja mkubwa wa TANESCO halipii uniti peke yake, hulipia pia mzigo wa juu kabisa aliofikia katika mwezi huo, unaopimwa kwa kVA, yaani kilovolti-ampea, kipimo cha nguvu ya umeme. Kule hotelini, mashine za kufulia, majiko ya umeme na pampu zote zilikuwa zikiwaka pamoja saa kumi na mbili asubuhi, kwa mazoea tu. Tulihamishia pampu saa nane usiku, na ufuaji ukaanza saa nne asubuhi baada ya jiko kutulia. Hatukununua kifaa hata kimoja. Mzigo wa juu ulishuka, na kwa mara ya kwanza meneja mkuu aliniita kwenye kikao cha bajeti na kunipa kiti.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi, kwa sababu najua wazazi wanasubiri hapo. Cheti mnachokipata sasa ni mlango halali kabisa. Mwenye umeme afuatilie leseni ya kufunga mifumo ya umeme kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa kuwa bila hiyo atabaki chini ya saini ya mwingine. Anayetaka kuendelea hadi chuo kikuu, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kina shahada inayohusu usimamizi wa mali na majengo. Kimataifa kuna chama kinachoitwa IFMA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1980, ambacho hutoa hati ya kuanzia inayoitwa FMP. Hati hiyo ina kozi nne: uendeshaji na matengenezo, usimamizi wa miradi, fedha na biashara, uongozi na mkakati. Mmeona? Kozi ya spana ni moja kati ya nne. Na kabla ya yote hayo, someni sheria mbili za nchi yenu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Mkaguzi wa zimamoto akija, msimamizi anayejua anachokaguliwa huzungumza naye kama mwenzake.

Kuna kijana aliniandikia akisema, "Mama, nimetuma maombi ya usimamizi wa majengo sehemu nane, sijaitwa." Namjibu hapa, maana najua yumo ukumbini. Nafasi zenye jina hilo bado ni chache mjini kwetu, lakini majengo yasiyo na mtu wa kuyaangalia kwa ujumla wake ni mengi mno. Ingia kwa jina lolote: fundi umeme, karani wa stoo, msimamizi wa usafi, mlinzi wa zamu. Ukishaingia, ndani ya mwezi wa kwanza andika mambo yafuatayo bila kuagizwa na mtu: koki zote za maji na kila moja inafunga wapi, brekari zote na kila moja inalisha nini, mitungi yote ya kuzimia moto na tarehe zake, mikataba yote ya huduma na inakwisha lini. Utashangaa. Katika majengo mengi niliyoyakuta, karatasi hiyo haikuwepo kabisa, na aliyeiandika ndiye aliyeanza kuitwa kila jambo lilipoharibika, hata kabla ya kupewa cheo.

Na kama huna kazi bado, anza na nyumba ya ibada unakosali, au shule uliyosoma. Omba ruhusa kwa wahusika, pita na daftari, wapelekee ukurasa mmoja. Hawatakulipa. Lakini utakapoulizwa kwenye usaili, "Una uzoefu gani?", utaweka daftari mezani.

Jumamosi ya wiki ijayo saa moja na nusu asubuhi ninakagua jengo ninalolisimamia sasa, kabla wapangaji hawajafika. Nina nafasi ya watu sita. Tutaanzia juu ya paa, kwenye matangi na magata, tutashuka ghorofa kwa ghorofa, na tutaishia kwenye chemba ya mwisho ya maji taka. Itachukua kama saa tatu. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, njooni na tochi, kalamu na daftari, simu zikae mfukoni. Mkifika getini msalimieni mlinzi na mumuulize usiku ulikuwaje, kisha yaandikeni majibu yake, kwa sababu ndiyo nitakayoyaulizia kwanza. Majina mpeni mkufunzi wenu kabla hamjatoka ukumbini.

Asanteni sana.